Mfuniko Mwekundu kwenye Msumari

9 Januari

Shangazi yangu kipenzi,

Shikamoo! Hiyo ni ya leo, na nyingine tatu za wiki tatu ambazo sikukuandikia. Usininunie. Ningekupigia, lakini nakujua: kwako simu ni ya kusema "nimefika" tu, halafu unakata. Goti linaendeleaje? Baba ameniambia unalipaka dawa mpaka nyumba nzima inanuka. Na zile kandambili zako za kijani, bado ziko pale pale mlangoni? Siku nilipomleta mume wangu kwako nusura azikanyage, nikamvuta shati kama namwokoa na nyoka. Njia nzima akawa ananiuliza, "Kwani zina nini?" Nikamwambia sijui, ila hakuna mtoto wa ukoo huu aliyezisogeza akaacha kula kofi lako.

Mume wangu! Ngoja niliandike tena, Shangazi: mume wangu. Naliandika hata kwenye karatasi zilizoharibika pale dukani ninapotoa nakala, mpaka tajiri wangu ameniuliza kama nina homa. Nikamjibu ndiyo, ninayo, na sitaki dawa.

Tumepanga vyumba viwili uani kwa mama mmoja mwenye maneno makali na moyo laini, ambaye miguu yake haimfikishi mbali zaidi ya kibarazani. Dirisha letu linatazama mto. Kiwanda cha mikate anakofanya kazi mume wangu kiko ng'ambo, chini kidogo ya daraja, na upepo ukigeuka naipata harufu ya tanuri lake hapa hapa kitandani. Saa kumi anarudi na unga umemjaa kwenye nyusi, amezeeka ghafla. Namwambia, "Shikamoo, babu." Anaitikia, "Marahaba, mjukuu, njoo nikupe mkate." Tunacheka kila siku kama ndiyo mara ya kwanza. Hivi na wewe ulikuwa hivi? Hujawahi kunisimulia.

Asante kwa zawadi yako. Nakiri watu walicheka ulipopita katikati ya waliobeba mashuka na seti za vikombe, wewe umejitwisha ndoo nyekundu. Tochi, betri, redio ndogo, mishumaa, kamba, biskuti, bandeji, dawa ya kusafisha maji, filimbi! Na orodha umeigandisha ndani ya mfuniko, kila kitu na tarehe yake ya kuharibika. Mjomba akasema, "Huyu amestaafu stoo ya hospitali, lakini stoo haijamstaafu yeye." Mimi sikucheka. Nilicheka kidogo. Ndoo iko mahali pazuri, usiwe na wasiwasi. Mishumaa yako inawaka vizuri sana, haitoi moshi hata chembe.

Mwanao, ambaye sasa ni mke wa mtu,
Cherehani wako


27 Januari

Mwanangu Cherehani,

Marahaba. Goti linauma mvua zikikaribia, halina jipya. Baba yako alikuja Jumapili, akala, akalala kwenye kiti, akaondoka akisema tumezungumza sana.

Nimefurahi kwamba una furaha. Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya pili niliruka mambo ya nyusi. Jina la Cherehani nilikupa ukiwa na miaka minne kwa sababu ukianza kusema hunyamazi mpaka uzi uishe, na naona mumeo amekununulia uzi mwingine.

Sasa nijibu. Umejuaje kwamba mishumaa haitoi moshi?

Ndoo ile si pambo. Iko wapi? Ndani kuna nini leo, siulizi siku ya harusi? Kutoka mlangoni kwenu mpaka kwenye mwinuko ni hatua ngapi? Huyo mama asiyetembea, nani atambeba? Vyeti vyenu viko ndani ya nini? Na swali la mwisho, ambalo ndilo la kwanza: maji yakija, yeye yuko kazini na wewe uko nyumbani, mtakutana wapi?

Usinijibu kimashairi. Nijibu kama unaijibu stoo.

Shangazi yako


11 Februari

Shangazi yangu, jicho la mwewe,

Shikamoo. Natumaini goti limetulia. Hapa wote wazima, mama mwenye nyumba anakusalimu. Anasema mtu anayeuliza maswali kama yako angemuoza kwa kaka yake.

Basi naungama. Mishumaa iliisha jioni mbili umeme ulipokatika, tukala tunatazamana. Betri za tochi tulizitia kwenye redio tukacheza mpaka kiti kikavunjika mguu. Kamba ndiyo ninayoanikia nguo. Biskuti tulizila siku ya mvua, na zilikuwa tamu kuliko tarehe ulizoziandika. Ndoo naroweka ndani yake makoti yake ya kazini. Zimebaki filimbi, bandeji na dawa ya maji tu. Usinipige! Nimeshaanza kurudisha vitu kimoja kimoja, na nimetoa nakala za vyeti vyetu vyote nikavitia kwenye mfuko wa nailoni. Mama mwenye nyumba aliponiona akaniletea na vyake, na fundi viatu wa pale kona akaleta vya watoto wake watano, na sasa nusu ya mtaa inanijua kwa jina la Bi Nakala.

Lakini swali lako la mwisho, Shangazi, hilo ndilo tamu, na jibu lake nimelipata. Nilimsomea mume wangu akiwa anavua viatu.

Akasema, "Tutakutana wapi? Swali gani hilo? Nitakuja ulipo."

"Na maji yakiwa magotini?"

"Nitakuja."

"Yakiwa kifuani?"

"Nitaogelea."

"Hujui kuogelea wewe."

"Siku hiyo nitajua."

Nikalia, Shangazi. Nikamwambia basi na mimi sitamngoja, nitamkimbilia kiwandani. Akanishika mikono yote miwili, ya kwake ikiwa bado ina unga. Kwa hiyo andika kwenye orodha yako: hatuna mahali, sisi tutakimbiliana. Popote nitakapokuwa atanikuta, na popote atakapokuwa nitamkuta. Si jibu zuri hilo? Niambie kama umewahi kusikia zuri kuliko hilo.

Cherehani wako


20 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Wiki tano zimepita na hujanijibu. Nilidhani barua imepotea, nikampigia Baba. Anasema u mzima, alikukuta unapanga mitungi ya maji kwa ukubwa. Kumbe umenyamaza tu.

Nimekukosea nini? Nimeisoma nakala ya barua yangu (ndiyo, naweka nakala, umenilea mwenyewe) na sioni. Kama ni biskuti, nimenunua nyingine, na kamba mpya. Nilimuuliza Baba kama nimegusa jambo la marehemu mume wako. Nilikuwa mdogo sana. Najua tu kwamba alichukuliwa na maji, basi, na kwamba nyumbani hakuna anayelizungumza. Baba akasema, "Muulize mwenyewe," akakata simu. Yeye! Ambaye hujapata kumwona akikata simu kabla salio halijaisha.

Mvua zimeanza. Mto umebadilika rangi. Mume wangu anasema ni kawaida.

Niandikie hata mstari mmoja, hata wa kunigombeza.

Mwanao


2 Aprili

Mwanangu,

Marahaba, na za nyuma zote. Hapa wote wazima. Baba yako hana kosa, nilimkataza miaka mingi iliyopita.

Barua hii nimeiandika mara sita. Moja nilifika nayo mpaka posta nikarudi nayo.

Umeuliza kama nilikuwa hivyo. Nilikuwa hivyo. Marehemu alikuwa seremala, na mimi nilikuwa nikimtoa vumbi la mbao masikioni kwa ncha ya kanga, kila jioni, na kila jioni alikuwa anasema namtekenya. Tulikuwa na miaka mitatu ya ndoa. Hatukuwahi kuulizana tutakutana wapi. Kama mtu angetuuliza, tungemjibu kama mlivyonijibu ninyi, karibu neno kwa neno.

Maji yalikuja saa nane mchana. Siku hiyo sikuwa zamu, nilikuwa nyumbani nafua. Karakana yake ilikuwa ng'ambo ya mto. Nilipoona maji yanaingia uani, sikuwaza ndoo wala cheti, niliwaza yeye. Kandambili nilizivua kwa sababu kwenye tope zinateleza, nikaziacha mlangoni, nikakimbia peku kwa barabara ya juu. Yeye wakati huo huo alikuwa anakimbia kuja kwangu. Alipita ya chini kwa sababu ni fupi.

Jirani alikuwa juu ya paa lake, alimwona akifika. Alimpigia kelele, "Ametoka! Mkeo ametoka zamani!" Mume wangu akageuka akatazama mlangoni, akamwonyesha kandambili kwa kidole. Kisha akaingia ndani kunitafuta.

Mimi nilikuwa karakanani, mzima, sijalowa hata magoti. Nawauliza wenzake, "Yuko wapi?" Wakanijibu, "Amekufuata."

Hilo ndilo lililo mlangoni kwangu. Nilizikuta kwenye tope, nikazisafisha, nikazirudisha mahali pake.

Sitaki uniandikie kwamba si kosa langu. Nimeshaambiwa na wengi, wenye nia njema na sahani za chakula mkononi. Ninachotaka ni uniandikie mahali. Mahali pamoja tu, si pawili. Pawe juu, pawe na alama. Anayefika kwanza akae, asitoke, hata moyo umwambie nini. Na mumeo aape hivyo hivyo.

Shangazi yako anayekupenda. Sijui kama nimewahi kuliandika hilo.


16 Aprili

Shangazi yangu,

Shikamoo. Sina mashairi leo. Sitaandika ulilonikataza. Nimeikunja barua yako nikaitia kwenye mfuko wa nailoni, pamoja na cheti cha ndoa.

Mahali ni tangi la maji la shule iliyo kilimani. Lina ngazi ya chuma iliyopakwa rangi ya bluu, na chini ya ngazi kuna jiwe la kukalia. Kutoka mlangoni kwetu ni hatua mia sita na arobaini zangu, mia tano na tisini zake. Kutoka kiwandani unavuka daraja, unafika kwa barabara ya juu bila kuushuka mtaa wetu kabisa.

Lakini tuligombana kwanza, Shangazi. Ugomvi wetu wa kwanza! Nilipomwambia asije nyumbani kunitafuta, alisimama na kijiko mkononi.

"Yaani maji yanakuja, mke wangu yuko ndani, mimi nipande kilima nikae kwenye jiwe?"

"Ndiyo."

"Nikae nikifanya nini?"

"Ukiningoja."

"Mimi mume gani sasa? Watu watasema nini?"

"Watasema una mke aliye hai!"

Akatoka akaenda kibarazani, akamlalamikia mama mwenye nyumba, akidhani amepata wakili. Yule mama akamwambia, "Mimi nimeozesha wanaume wanne wanaojua kukimbia. Anayejua kungoja sijampata bado." Akarudi ndani. Nikamsomea barua yako. Nilipofika penye kandambili akaniambia, "Basi, simama hapo," akaenda kunawa uso.

Baadaye ndiye aliyesema jambo ambalo mimi sikuliona. Alisema, "Marehemu hakukosa mapenzi wala akili. Mlango ulimdanganya. Mlango wetu lazima useme kweli." Akachukua nyundo akapigilia msumari kwenye fremu ya mlango, juu, usawa wa kichwa chake, upande unaoonekana tangu pale kona. Sheria ni hii: anayeondoka anautundika mfuniko wa ndoo yako kwenye msumari. Mfuniko mwekundu ukiwa juu, ndani hakuna mtu, geuka. Orodha yako iko upande wa ndani, kwa hiyo hata ukuta unajua tarehe za biskuti.

Tumemwambia fundi viatu, naye akawaambia wa jirani, na sasa nyumba kumi na moja zina misumari. Wengine wametundika sahani za bati, mmoja kofia ya pikipiki. Filimbi nimempa fundi viatu, maana kibanda chake ndicho kinachouona mto kwanza: akipuliza mara tatu, tunatoka. Jumapili tulifanya zoezi. Mama mwenye nyumba anapandishwa kwa toroli kuukuu la mikate ambalo kiwanda kilikuwa kimelitupa. Mume wangu ameliwekea godoro na linakaa kibarazani. Wakati wa zoezi alikaa wima humo akipunga mkono kwa watu wote kama bibi harusi, akimfokea fundi viatu, "Polepole wewe, mimi si viatu!" Tulicheka mpaka tukasahau kuhesabu dakika, ikabidi turudie.

Umesema unanipenda. Nimelisoma hilo mara nyingi kuliko mengine.

Cherehani


9 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Kwanza: tu wazima. Wote wawili. Nimeanza na hilo ili usikimbie mistari ukitafuta.

Yalikuja Ijumaa, saa tisa alasiri. Ijumaa natoka kazini mchana, nilikuwa nyumbani napiga pasi. Huku kwetu mvua haikuwa kubwa. Kumbe ilinyesha juu, usiku na mchana. Nikasikia filimbi. Mara ya kwanza nilisema watoto. Ya pili nikazima pasi. Ya tatu ilikuwa ndefu kama mtu anayelia.

Niliichukua ndoo, na mfuko wa vyeti. Mfuniko uliniponyoka mara mbili. Nikautundika. Fundi viatu alifika akihema, tukamweka mama kwenye toroli, tukapanda. Maji yalikuwa yameshaingia uani, ya rangi ya chai, hayana haraka. Hilo ndilo lililonitisha, kwamba hayakuwa na haraka.

Kwenye tangi palikuwa na watu wengi tayari. Fundi viatu alikuwa na majina ya nyumba zote, anayatia alama kwa penseli. Mimi nikaenda chini ya ngazi ya bluu. Jiwe lilikuwa tupu.

Nikakaa.

Shangazi, sikujua. Uliposema "hata moyo umwambie nini" nilidhani nimeelewa. Kutoka pale juu nilikuwa naliona paa la kiwanda cha mikate. Naliona daraja. Kisha maji yakapita juu ya daraja, nikasimama.

Mama mwenye nyumba alikuwa kwenye toroli lake pembeni yangu. Akalishika gauni langu.

"Kaa."

"Naenda mpaka pale kona tu, nichungulie."

"Ndiko anakokwenda kila mtu, kona tu. Kaa."

"Huenda amekwama, mama! Huenda ananiita!"

"Huenda yuko njiani, akifika asikukute. Halafu?"

Nikakaa. Nilisimama mara tatu, na mara tatu akanivuta, gauni likachanika mshono. Nilikuwa nawaza, anakaaje mtu anayependa? Ninamhesabia hatua zake mia tano na tisini, nikifika mwisho naanza upya. Nilifika mwisho mara nyingi. Nilikaa saa moja na dakika arobaini.

Alitokea akiwa amelowa mpaka kiunoni. Nilimrukia, tukaanguka wote kwenye tope mbele ya mtaa mzima, na mama akasema, "Haya, jamani, tazameni pembeni." Nilimlilia shingoni mpaka nikamaliza. Halafu nikatulia nikamtazama. Barabara ya juu haikuwa na maji, Shangazi. Hata kidimbwi.

Nikamuuliza, "Mbona umelowa?"

Akatazama miguu yake.

"Si uliapa?"

"Niliapa," akasema. "Ila miguu haikuapa."

Alikuja nyumbani! Aliposikia maji yanapanda aliacha trei za mikate wazi, akavuka daraja muda mfupi kabla halijafunikwa, akashuka mtaani. Anasema hakuamua, alijikuta yuko pale kona, maji yako juu ya magoti na yanamvuta, na nyumba yetu iko mbele. Alikuwa ameshafungua kinywa aniite. Akauona mfuniko.

"Nilisimama," akaniambia. "Mwekundu, umeniangalia. Nikajiona nimegombezwa na shangazi yako." Akageuka. Alipokuwa anapanda alisikia mlio nyuma yake, akatazama, na kibanda cha fundi viatu hakikuwepo tena, wala ile kona.

Nimemsamehe, lakini sijamwambia bado. Anajitahidi sana, leo ameosha vyombo mara mbili.

Jumapili tulishuka kutazama. Mstari wa tope ukutani umepita shubiri moja juu ya msumari. Mfuniko bado upo. Orodha imefutika yote, imebaki doa la wino wako tu. Kitanda, redio, nguo, vimekwenda. Tumelala darasani na nyumba kumi na moja, hakuna jina lisilo na alama ya penseli. Ndoo yako imelisha watoto watano wa fundi viatu biskuti, na maji tumeyasafisha kwa dawa yako.

Nilikuwa nataka kukuandikia kitu kizuri mwishoni, nimekaa na kalamu muda mrefu. Nimelipata hili tu: nilikaa, Shangazi. Nilikaa kwa ajili yake, na kidogo kwa ajili yako.

Cherehani wako


17 Mei

Mwanangu Cherehani,

Marahaba. Goti limetulia. Baba yako yuko hapa, amesoma barua yako kwa sauti, akashindwa penye kona, nikamalizia mimi.

Mwambie mumeo nimekasirika, na nikifika nitamgombeza kwa saa moja na dakika arobaini kamili. Nikishamaliza nitamtengenezea chai. Mwambie pia kwamba ule msumari ni kazi ya seremala mzuri. Atajua namaanisha nini.

Ninakuja Jumamosi kwa basi la asubuhi, na mashuka, sufuria, na ndoo nyingine. Usinipokee stendi, kutakuwa na vurugu, tutapotezana. Nitapanda mwenyewe mpaka kwenye ngazi ya bluu. Ningoje hapo.

Nilipokuwa nafunga mizigo nilizitoa kandambili mlangoni. Nimeziweka kabatini, pamoja na shati la marehemu. Baba yako amenipigilia msumari mlangoni, umepinda kidogo, lakini unashika. Jumamosi nikitoka nitautundika mfuniko wa ndoo yangu, ili yeyote atakayefika ajue kwamba ndani hakuna mtu, asihangaike kunitafuta. Nimekwenda kwako.

Shangazi yako